Kama unalea kijana, soma naye komiki ya Speedy

Mi ni mtu wa komiki toka zamani, na pia nakaa sana na vijana maana nawafundisha kuchora, kwa hiyo watu huniuliza waanze na komiki gani kama wanataka kusoma na kijana wa nyumbani aliyefikia ule umri wa kujifungia chumbani. Wengi wanategemea niseme Batman na Robin, na kweli Robin ndo baba lao, alitokea 1940 kwenye Detective Comics namba 38 na baada ya hapo mashujaa kibao wakapewa na wao kijana wa kutembea naye. Ila mi nasema anza na Green Lantern namba 85 na 86 za mwaka 1971, kaandika Denny O'Neil na kachora Neal Adams.

Humo yumo Oliver Queen, yaani Green Arrow, shujaa wa upinde na mishale, na kijana anayemlea, Roy Harper, ndo huyo Speedy. Mapema tu Oliver anachomwa mshale na vibaka, akiuangalia vizuri mshale wenyewe ni kama wa kwake. Anawafuatilia pamoja na mwenzake Hal Jordan, ndo Green Lantern mwenyewe, wanamkuta Roy kakaa na mateja, na Oliver bila hata kumuuliza anaamua dogo yupo kazini, anawachunguza wale jamaa. Hapo simama kwanza, usifunue ukurasa, muulize kijana wako kwa nini Oliver hajauliza. Mmoja wa vijana wangu alinijibu kwamba mzee hakuuliza kwa sababu jibu alilonalo linampa usingizi, na mi sijapata maelezo mazuri kushinda hayo.

Sasa kuna sehemu naipenda kuliko zote. Oliver anashangaa kijana anaingiaje kwenye unga, na Roy anamjibu kwa kuzunguka, anasema tuseme kuna kijana ana mtu mzima anayemheshimu, halafu yule mtu mzima anaondoka anazunguka nchi nzima na watu wengine, kijana anabaki peke yake. Anajisema mwenyewe kabisa! Oliver hashtuki. Vijana ndo wanavyoongea hivyo, nimeisikia sana ile ya "kuna rafiki yangu mmoja", na ushauri wangu ni kwamba ukiisikia usimkatize na usimuulize rafiki gani, we muulize huyo rafiki anajisikiaje na uache aendelee.

Namba 85 inaishia Oliver anamfumania Roy anataka kujidunga, kwa hiyo tafadhali usiishie hapo, maana ukiishia hapo umempa kijana hadithi ya kufumaniwa tu. Kwenye 86 Oliver anampiga na kumfukuza nyumbani, na anayekaa na Roy kwenye arosto mpaka inapita ni Dinah, mpenzi wa Oliver na yeye shujaa kwa jina la Black Canary, wala hahubiri, anakaa naye tu. Hizo picha zisomeni kimya. Mwishoni Roy anarudi, anamwambia Oliver ukweli usoni na kumtandika ngumi, na kijana wako akishangilia ile ngumi mwache ashangilie, usianze kumtetea Oliver kwa sababu na wewe ni mzazi.

Hata kuchapishwa kwake haikuwa rahisi. Kanuni za komiki za Marekani, zilizowekwa 1954, zilikuwa zinabana kabisa mambo ya dawa za kulevya mpaka zilipolegezwa 1971, ndo maana ukurasa baada ya ukurasa unaona watu wanaosema kitu walichozuiwa muda mrefu. Maneno ni mengi, ya kizamani, mtavumilia.

Kwa watoto wadogo hapana, subiri angalau miaka 13. Kaeni upande mmoja, msitazamane, na kitabu ashike yeye ili mwendo awe nao yeye. Na usimalizie na somo la madawa, komiki imeshasema.

Akiipenda, baadaye mpe Tales of the Teen Titans namba 44 ya 1984, ambapo Dick Grayson aliyekuwa Robin anakuwa Nightwing, maana pale ataona kijana anatoka kwenye kivuli cha mlezi wake, Batman, na kuchukua jina lake mwenyewe.