Seva ina nafasi tele, mbona intaneti inakwama kila jioni?

SWALI: Mimi ni fundi wa kampuni ndogo inayosambaza intaneti Moshi, maeneo ya Pasua na Soweto. Wateja huingia kwa PPPoE (njia ya kumuunganisha mteja kwa jina na nywila, inayofunga pakiti zake ndani ya kichwa cha ziada) kupitia seva ya Linux yenye kori nane. Kila jioni kasi hushuka na pakiti hupotea, ilhali grafu ya prosesa haizidi asilimia 13. Nimeshauriwa kutumia perf, zana ya Linux inayoonyesha ni kazi gani inayokula muda wa prosesa. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu fundi, hiyo asilimia 13 ndiyo dalili yenyewe. Kori moja kati ya nane ikijaa kabisa huku nyingine zikikaa bure, wastani ni asilimia 12.5, na grafu yako huonyesha wastani tu. Kabla ya perf, endesha `mpstat -P ALL 1` jioni tatizo likiwapo (kupima saa nne asubuhi hakutakuonyesha kitu), kisha tazama safu ya %soft, yaani sehemu ya muda wa kila kori inayotumika kwa kazi za ndani za kerneli (kiini cha Linux) kama kushughulikia pakiti. Nategemea utakuta kori moja inakaribia 100, na ksoftirqd yake (mchakato wa kerneli unaofanya kazi hizo) ikiongoza kwenye `top`.

Kadi za mtandao zenye foleni nyingi hugawa pakiti kwa kukokotoa hashi (namba fupi inayoamua foleni) ya anwani za IP na namba za poti, lakini nyingi hazielewi kichwa cha PPPoE, kwa hiyo haziifikii IP iliyo ndani yake. Matokeo yake ni kwamba pakiti zote zinazotoka kwa wateja huingia foleni moja, nayo huhudumiwa na kori moja. Usidhani ni upakiaji pekee unaoumia, kwani hata mteja anayepakua filamu hurudisha pakiti nyingi za uthibitisho, na hizo zikichelewa au zikipotea, upakuaji nao hupungua. Hakikisha kwa kuangalia `/proc/interrupts`: hesabu ya foleni moja ya kadi inayoelekea kwa wateja itakuwa inapaa peke yake.

Katika `/proc/net/softnet_stat` kila mstari ni kori moja, na namba zimeandikwa kwa heksadesimali. Safu ya tatu ikiongezeka, kerneli imeishiwa bajeti, ambayo kwa kawaida ni pakiti 300 kwa mzunguko, au muda wake umekwisha kabla ya kazi kuisha. Wengi hapo hukimbilia kupandisha bajeti, jambo ambalo kwa kori iliyokwisha kujaa ni sawa na kumwongezea mzigo mpagazi aliyelemewa.

Dawa ni RPS (Receive Packet Steering), njia ya kerneli kugawa pakiti zinazoingia kwa kori mbalimbali, iliyomo kwenye Linux tangu toleo la 2.6.35 la mwaka 2010. Hapo kerneli hukokotoa hashi yenyewe, nayo huweza kusoma ndani ya PPPoE, ikazigawia kori nyingine kazi bila kuvuruga mpangilio wa pakiti za muunganisho mmoja. Ikiwa kori 0 ndiyo inayopokea, andika `fe` (heksadesimali inayomaanisha kori 1 hadi 7) kwenye faili la `rps_cpus` la foleni hiyo, ili kori 0 ibaki na kazi ya kupokea tu.

Sasa perf itakuwa na maana. Endesha `perf record -a -g -- sleep 10`, halafu `perf report`. Ikiongoza `ipt_do_table`, orodha yako ya kanuni za iptables (kichujio cha pakiti cha Linux) ni ndefu mno, kwa sababu husomwa moja baada ya nyingine kwa kila pakiti. Anwani za wateja zihamishie kwenye ipset, orodha ya anwani ambayo kanuni moja huitafuta kwa mkupuo. Ikiongoza `native_queued_spin_lock_slowpath`, kori zinagombea kufuli moja, na kwa seva inayopunguza kasi ya wateja kwa HTB (foleni ya Linux ya kugawa kasi), mahali pa kwanza pa kuchunguza ni kufuli la foleni hiyo ya kutolea pakiti.