Maswali ya Wasomaji: Burudani za Dar es Salaam na Majira Yake

SWALI: Tumehamia Tabata kutoka Iringa, mimi, mume wangu na watoto wawili wa shule ya msingi. Kila mara tunasikia habari za tamasha likiwa limekwisha jana. Ni shughuli zipi ambazo familia ya kipato cha kawaida inaweza kuzipangia mapema? (Mama Wawili, Tabata)

JIBU: Dada yetu, karibuni sana. Hali hiyo huwapata hata wazaliwa wa hapa, kwa sababu jiji hili linafuata kalenda mbili kwa pamoja: ile ya Januari hadi Desemba na ile ya mwezi mwandamo, ambayo kila mwaka hutangulia kwa takriban siku 11. Anayetazama moja tu hukosa nusu ya burudani.

Kwa kalenda ya kwanza, anzeni na Sabasaba, yaani Maonesho ya Kimataifa ya Biashara, ambayo kwa kawaida hufanyika kati ya tarehe 28 Juni na 13 Julai katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Tarehe 7 Julai yenyewe ni siku ya mapumziko kitaifa, siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954, na ndipo viwanja hufurika hata kutembea kunakuwa kazi. Nendeni asubuhi ya siku ya katikati ya wiki, na kila mtoto awekewe mfukoni karatasi yenye namba ya simu ya mzazi. Baada ya hapo huingia soka: kabla ya ligi kuanza, Simba huwa na Simba Day na Yanga huwa na Wiki ya Mwananchi, ambapo wachezaji wapya hutambulishwa, wasanii hutumbuiza na mechi ya kirafiki huchezwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa hubeba watu 60,000, na msongamano wa kutoka ni mkubwa mno. Watoto wa umri huo ningewaacha waangalie kwenye televisheni.

Kalenda ya pili haina mabango, na ndiyo maana wageni huikosa. Siku za mwisho za Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia, watu wa pwani huvunja jungu: ndugu, majirani na wafanyakazi wenza huchangishana, hupika pamoja na kwenda kula ufukweni, wengi wakivuka kwa pantoni au kupitia Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni. Hakuna kamati inayotangaza wala tiketi inayouzwa. Habari hupita barazani na kwenye vikundi vya akina mama, kwa hiyo waulizeni majirani mapema. Baadhi ya masheikh hukemea vunja jungu inayogeuzwa kisingizio cha ulevi, nami nakubaliana nao kabisa, lakini ile ya sufuria la pilau na watoto wanaocheza mchangani ni mkusanyiko mzuri wa kifamilia ambao jiji hili halipaswi kuupoteza. Kisha huja Idi, tarehe mosi Mfungo Mosi, yaani mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani (inayofuata huhesabiwa hivyo hivyo), na Idi ya kuchinja, tarehe 10 Mfungo Tatu, wakati watoto waliovaa nguo mpya hupita kwa jamaa kupokea mkono wa Idi na jioni Coco Beach hujaa hadi barabarani. Maulidi husomwa tarehe 12 Mfungo Sita, kwa dufu na kaswida. Hata kama ninyi si Waislamu, mkialikwa msikatae, kwani mwaliko wa jirani hapa hutolewa kwa moyo.

Kwa mwisho wa wiki usio na shughuli, Kijiji cha Makumbusho kando ya Barabara ya Bagamoyo kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali.

SWALI: Je, muziki wa dansi wa bendi bado upo? (Kijana wa Sinza)

JIBU: Upo. Msondo Ngoma, ambao chimbuko lao ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, na Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanzishwa mwaka 1978, ni bendi mbili zilizolea wanamuziki wengi wa nchi hii, na zimewahi kupambana katika jukwaa moja siku za sikukuu. Ukisikia tangazo la mpambano wa namna hiyo, usiahirishe.

SWALI: Mtaa wetu unataka kufanya tamasha la ngoma na michezo uwanjani mwezi Aprili. Mnatushauri nini? (Kamati ya vijana, Mbagala)

JIBU: Ahirisheni, ndugu zetu. Masika hunyesha Machi hadi Mei, na uwanja usio na mifereji utageuka dimbwi kabla hamjafunga spika. Juni hadi Septemba, kipupwe kikiwapo, ndio wakati wa salama. Mapema zaidi, pelekeni barua kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, kisha kwa Afisa Utamaduni wa Manispaa ya Temeke na kituo cha polisi, mkitaja saa ya kufunga muziki, na mzungumze na nyumba zenye wagonjwa au wazee. Tunaomba pia kwamba katika ratiba yenu mdundiko wa Wazaramo, ambao ni ngoma ya kutembea, upewe nafasi ya kuzunguka mtaani saa za mchana, ukiongozwa na wazee wanaoujua, ili vijana waucheze pamoja nao badala ya kuutazama tu.