Muulize Fundi: Kabati la chini ya sinki limevimba

SWALI: Shikamoo fundi. Nilitengenezewa makabati ya jikoni ya MDF, meupe, yanang'aa. Mwaka haujaisha, kabati la chini ya sinki limevimba kama andazi na bawaba zimeng'oka. Aliyeyatengeneza anataka kuweka MDF nyingine, nene zaidi. Nimkubalie?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkubalie. Unene hauzuii maji. MDF ni mti uliosagwa hadi ukawa nyuzi laini, zikatiwa gundi na kushindiliwa kwa joto. Maji yakipenya kwenye ukingo usiozibwa, nyuzi zinafumuka, na zikishafumuka hazirudi. Hapo skrubu inakosa cha kushika, bawaba inaachia. Chipubodi nayo, ule ubao wa vipande vidogo vya mti vilivyogandishwa kwa gundi, usiisogeze hapo, inavimba vilevile.

Ng'oa boksi lote la sinki. Weka plaiwudi ya milimita 18 yenye gundi inayostahimili maji. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mti zinazokingamana, kwa kawaida za idadi witiri, ndiyo maana haijipindi ovyo na skrubu inaikamata vizuri. Dukani usidanganywe na uso mzuri, tazama ubavu. Ukiona mapengo kati ya tabaka, ondoka. Omba na kipande, kakichemshe nyumbani kwenye sufuria: gundi dhaifu itaachia, tabaka zibanduke. Mimi sinunui plaiwudi ya jikoni bila jaribio hilo, hata muuzaji anune.

Kabla ya kufunga, kila ukingo upakwe vanishi, pamoja na tundu la kupitisha bomba, maana hapo ndipo mafundi wengi huruka. Boksi lisimame juu ya miguu, maji ya kudekia yasiliguse.

Makabati ya juu yaache. Kwa milango mikavu ya kupaka rangi naipenda sana MDF: haina vifundo, rangi inatulia. Ila fundi akiikata, akatie nje na avae barakoa. Gundi yake ya kawaida ina kemikali iitwayo fomaldehaidi, ambayo shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka mwaka 2004 kati ya visababishi vya saratani. Watoto wasicheze karibu na vumbi hilo.

Na bomba la kutolea maji ya sinki likaguliwe kwanza. Likiwa linavuja, litengenezwe kabla hujanunua ubao wowote.