Jino la Kupandikiza kwa Mwenye Kisukari

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 58, mkaazi wa Kisauni, na nina kisukari. Mwaka jana niling'olewa gego la chini, na sasa nimeshauriwa nipandikizwe jino. Je, kisukari kinanizuia? Na kwa kuwa jino hilo halitoboki, je, mswaki wa mti utatosha kulisafisha?

JIBU: Kisukari chenyewe hakikuzuii, mama, kinachozuia ni sukari isiyodhibitiwa. Pandikizi ni skrubu ya titaniamu inayotiwa ndani ya mfupa wa taya, na uimara wake hutegemea mfupa kukua na kushikamana nayo, jambo ambalo Msweden Per-Ingvar Brånemark alianza kulibaini mwaka 1952. Sukari ikiwa juu, kidonda huchelewa kupona na mfupa hushika kwa shida, kwa hiyo pima kwanza HbA1c, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita, na ikiwa imepita asilimia 8, ni afadhali usubiri hadi ishuke. Mweleze daktari wako dawa zote unazotumia, hasa za kuimarisha mifupa.

Hukueleza gego lako liling'olewa kwa sababu gani, nami ningependa kulijua hilo kabla ya jingine lolote. Kama lilikuwa likitikisika kwa ugonjwa wa fizi, fizi zitibiwe kwanza, kwani anayepandikizwa jino katika kinywa chenye ugonjwa huo huenda akalipoteza kwa njia ile ile.

Mfupa wa taya la chini huhitaji takriban miezi 3 kushika, na wa juu huweza kufika miezi 6. Upasuaji usiupange karibu na Ramadhani, maana siku za mwanzo utahitaji dawa kwa saa zake, maji na vyakula laini.

Ni kweli kwamba jino hili halitoboki, lakini fizi na mfupa unaolizunguka huugua, na mara nyingi bila maumivu yoyote. Fizi hushikamana na titaniamu kwa udhaifu kuliko zinavyoshikamana na jino la asili, hivyo utando wa bakteria ukiachwa pale, uvimbe hushuka upesi hadi kwenye mfupa. Damu wakati wa kusugua, usaha au harufu mbaya ni dalili za kukupeleka kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Mswaki wa mti ni mzuri, nami simkatazi mtu, ila haufiki nyuma ya gego wala chini ya ukingo wa jino la bandia. Ongeza brashi laini mara mbili kwa siku, pamoja na vibrashi vya katikati ya meno ambavyo waya wake umefunikwa kwa plastiki. Kwa hali yako, uchunguzi wa kila miezi 3 au 4 unafaa kuliko ule wa miezi 6.

Jino hilo likianza kucheza, usingoje. Huenda ni skrubu ndogo ya juu tu, inayolishika jino la bandia kwenye pandikizi, iliyolegea, nayo hukazwa papo hapo. Lakini pandikizi lenyewe likitikisika, maana yake limeachana na mfupa, na kwa kawaida hulazimu kutolewa.