IST ya milioni 12 au Forester ya milioni 10: anza na kilomita zako, bei ifuate

Mkuu mleta mada, umesema una milioni 13, unakaa Mbezi Mwisho, kazi iko Posta, na umepata magari mawili: Toyota IST ya cc 1,300 namba D kwa milioni 12, na Subaru Forester SG5 ya cc 2,000 isiyo na turbo kwa milioni 10. Forester ni kubwa, imenyanyuka, inavuta tairi zote nne, na inakubakizia milioni 3. Ndiyo maana unaona mwenye IST anakulalia.

Hakulalii. Bei ya gari lililotumika hapa kwetu tayari ina gharama za kulitunza ndani yake. Wanaojua wanachokilipa kila mwezi kwenye Forester wameshaishusha bei, na wanaojua IST inavyokwenda bila kusumbua hawaiachii kirahisi. Hiyo milioni 2 unayoiona kama punguzo utaitoa, ila utaitoa kidogo kidogo, kwenye kituo cha mafuta na gereji.

Anza na kilomita. Mbezi Mwisho hadi Posta ni kama km 25, kwenda na kurudi 50. Siku 24 za kazi ni km 1,200 kwa mwezi, hapo misiba, harusi na Jumapili bado. Mafuta niyaweke shilingi 3,000 kwa lita hesabu iwe nyepesi. Wewe weka bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, inayotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. IST nzima, AC ikiwaka, kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro inakwenda km 11 hadi 13 kwa lita. Forester hiyo, gia otomatiki, kwenye foleni hiyohiyo ni km 7 hadi 9. Tuchukue 12 na 8. IST itakunywa lita 100, yaani 300,000 kwa mwezi. Forester lita 150, yaani 450,000. Tofauti ni 150,000 kila mwezi, kwa hiyo milioni 2 za punguzo zinaisha kwenye mwezi wa 14, kwa mafuta peke yake, kabla hujafungua boneti.

Usiamini namba za dashibodi wala za muuzaji. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha trip sifuri, tembea siyo chini ya km 250 kwenye njia zako za kila siku, kisha rudi kituo kilekile, pampu ileile, jaza mpaka ikate tena. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Ukifanya kwa tangi moja tu unaweza kudanganyika, kwa hiyo chukua wastani wa tangi mbili au tatu. Kwa gari la mtu huwezi kufanya hivyo, lakini ukishanunua ndicho kipimo cha kwanza kukwambia kuna kitu hakiko sawa.

Sasa tuyaweke magari yote mawili kwenye miaka 3, yaani km 43,200. Haya ni makadirio yangu ya bei za Dar. Badilisha namba kwa kadiri ya duka lako na fundi wako, mpangilio ubaki huohuo.

IST: mafuta milioni 10.8. Kumwaga oili kila km 5,000 ni mara 9; kwa 120,000 ni milioni 1.08. Tairi nne, seti moja, 600,000. Shokapu, bushi, pedi za breki, betri, 900,000. Matengenezo ya kuanzia siku unanunua, 700,000. Bima ndogo 118,000 kwa mwaka, jumla 354,000. Ukiiuza milioni 10 baada ya miaka hiyo, umepoteza milioni 2 za thamani. Jumla ni kama milioni 16.4, yaani shilingi 380 kwa kilomita.

Forester: mafuta milioni 16.2. Oili mara 9 kwa 170,000 ni milioni 1.53. Tairi 880,000. Miguu, breki, betri na kuziba uvujaji wa oili milioni 1.8. Matengenezo ya kuanzia milioni 1.5. Bima ndogo ileile 354,000. Ukiiuza milioni 7, umepoteza milioni 3. Jumla kama milioni 25.3, shilingi 585 kwa kilomita.

Tofauti inakaribia milioni 9 kwa miaka 3, sawa na 245,000 kila mwezi. Kwa mshahara wa wengi wetu hiyo ni kodi ya chumba. Na hapa sijaweka ajali wala injini kufa.

Angalia pia kodi ilipojificha. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, na ushuru ukaongezwa kwenye mafuta. Maana yake anayechoma lita 150 analipa zaidi ya anayechoma 100, kila mwezi, hata bila kuona risiti ya TRA.

Kwa nini nimeipa Forester milioni 1.5 za kuanzia? Injini ya EJ20 inatumia mkanda wa taiming, na ratiba yake ni kubadilisha kila km 100,000 hivi. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu na hedi lazima ifunguliwe. Gari lililotoka Japani na km 90,000, likatembea hapa miaka kadhaa bila kumbukumbu, lichukulie kwamba mkanda haujaguswa. Usibadilishe mkanda peke yake: tensheni, puli zake na pampu ya maji viende pamoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile, na puli ikikwama inaumaliza mkanda mpya. Injini hiyo imelala, silinda mbili kila upande, kwa hiyo hata plagi zinafikiwa kwa shida na fundi anastahili kulipwa zaidi. Oili yake ni lita 4 na ushee, kopo moja la lita 4 halitoshi. Kava za valvu huvuja oili ikadondokea bomba la moshi. Ukisikia harufu ya oili iliyoungua ukisimama kwenye taa, ndiyo hiyo. Gasketi ya hedi ina jina baya zaidi kwenye EJ25, ile ya cc 2,500. EJ20 isiyo na turbo ina nafuu, lakini ikiwahi kuchemka hiyo nafuu imekwisha.

Halafu tairi. Gari linalovuta nne linataka tairi nne zinazolingana saizi na kuisha. Ukipata pancha isiyozibika ukaweka tairi moja mpya kati ya tatu zilizokwisha, mzunguko unatofautiana, na klachi inayogawa nguvu ya mbele na nyuma inafanya kazi muda wote mpaka inaungua. Kwenye IST unanunua mbili za mbele na maisha yanaendelea.

IST nayo isikupumbaze. Injini zake, 2NZ (cc 1,300) na 1NZ (cc 1,500), zinatumia cheni badala ya mkanda, oili ni lita 3.7, spea ziko Gerezani, Ilala Shauri Moyo, Mwanza, Mbeya, hata wilayani. Forester ukiharibikiwa Songea, spea inasubiri basi kutoka Dar na wewe unalipa nyumba ya wageni. Lakini IST iliyocheleweshewa oili inaanza kuinywa: ringi zinaganda kwa masizi, moshi wa bluu unatoka asubuhi au ukikanyaga baada ya kushuka mlima. Mbele hugonga linki za stabilaiza na bushi za aamu. Linki ni kitu kidogo, usikubali kuuziwa shokapu kabla linki hazijakaguliwa. Injini maunti zikichoka, gari linatetemeka ukiwa kwenye D umekanyaga breki. Giaboksi ya IST ya kwanza, ya gia nne, inataka oili ya T-IV. IST za kuanzia 2007 nyingi zina CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, na hiyo ina oili yake peke yake. Kumwaga oili ya kawaida ya otomatiki kwenye CVT ni kuua giaboksi.

Kuna mambo matatu ya mafundi wetu yanayopandisha ulaji wa mafuta au kuumiza injini kwenye gari lolote, na ni lazima uyatafute kabla ya kulipa. La kwanza ni termostati, valvu inayodhibiti maji ya kupoozea injini, kutolewa ili “gari lisichemke”. Injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga mafuta mengi. La pili ni masega (kisafisha moshi) ya bomba la moshi kukatwa na kuuzwa. Sensa ya oksijeni inapoteza kipimo, taa ya injini inawaka, kisha mtu anaing’oa taa. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, imefichwa. La tatu ni maji ya kisima kwenye rejeta badala ya kulanti, maji maalumu ya kupoozea injini. Chumvi ya Dar inaziba mirija na kutoboa rejeta, na gari linachemka siku ya foleni ndefu. Fungua mfuniko injini ikiwa baridi. Ukiona kutu, hesabu kwamba mfumo mzima unahitaji kusafishwa.

Kagua asubuhi, injini haijawashwa siku hiyo. Muuzaji akikukuta ameshalipasha moto, ahirisha. Weka R kisha D: gia ikichelewa zaidi ya sekunde 2 kushika, au ikiingia kwa kishindo, toa gharama ya giaboksi kwenye bei ya gari. Kata usukani mpaka mwisho uzunguke taratibu pande zote mbili. Sauti ya tak-tak-tak ni jointi za shafti. Lipia upimaji wa kompyuta na wa kompreshini (mgandamizo ndani ya silinda) kwa fundi wako, asiwe wa muuzaji.

Spea za mtumba zina mahali pake. Mlango, taa, alteneta, hata giaboksi, sawa. Shokapu, mikanda, bushi na tairi za mtumba usiguse. Mpira umeshazeeka tangu Japani.

Utakuta pia IST ya milioni 9. Kabla hujafurahi uliza kama injini ilifunguliwa, nani aliifunga, na ilichemka lini. Gari rahisi kuliko wenzake wa aina ileile linanitisha kuliko Forester yenye kumbukumbu.

Na kuna mahali Forester inashinda. Kama ungekuwa unatembea km 400 kwa mwezi, tofauti ya mafuta ni 50,000 tu, na punguzo la milioni 2 linadumu miezi 40. Kama njia ya kwako ni kilima cha udongo kinachogeuka utelezi kila masika, IST itakwangua tumbo na utakuwa unabadilisha maunti na bushi kila mara. Mwenye familia ya watu watano anayekwenda Moshi kila likizo naye ana hesabu nyingine. Kwa Mbezi na Posta kila siku, mimi nachukua IST.

Kwenye milioni 13 zako usitoe 12 zote. Shusha IST hadi 11.5, halafu milioni 1.5 igawe: kubadili umiliki TRA, bima, oili zote, filta, plagi, pedi, betri kama ina miaka 3. Kadi iendane na namba ya chesisi na ya injini kwa macho yako, na namba ya gari uiangalie kwenye mfumo wa faini za trafiki kabla ya kulipa. Kosa moja ni 30,000 na linafuata gari.

Ukienda kuziona, nipigie picha dipstiki (kijiti cha kupimia oili) na mfuniko wa oili wa yote mawili, risiti ya mkanda wa Forester kama ipo, na majibu ya kompreshini. Weka hapa, tutakwambia kipi cha kutoa kwenye bei kabla hujarudi kwa muuzaji.