Muulize Fundi: Stata Inayopiga Mbinja

SWALI: Assalaam alaikum, Mzee Fundi. Nina Chevrolet ya mwaka 1972, yenye injini ya silinda 8, niliyoachiwa na marehemu baba na ambayo hadi leo huitwa kubeba maharusi. Tangu stata, ile mota ya kuwashia injini, ilipofunguliwa kubadilishwa brashi zake za kaboni, gari linawaka bila taabu, lakini ninapoachia ufunguo hutoka mlio mwembamba, mkali, unaowageuza vichwa wazee wote walioketi barazani. Nimeshauriwa ninunue stata nyingine, nayo itakuwa ya pili mwaka huu. Nifanyeje? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Wa alaikum salaam, mwanangu. Usinunue kitu kwanza. Stata inayowasha injini bila kusita haijafa. Yako, nadhani, imekaa vibaya tu, na dalili umeitaja mwenyewe.

Sikiliza mlio unakuja wakati gani. Ukisikika stata inapozungusha injini, kabla haijawaka, bendiksi (kigia kidogo cha stata kinachochomoka kuzungusha injini) iko mbali na flaiwili (gurudumu zito la injini lenye pete ya meno ukingoni) na meno yanashikana kwa ncha. Ukisikika baada ya injini kuwaka, bendiksi inapojirudisha, meno yamebanana mno. Wako ni huu wa pili. Stata za Chevrolet za miaka hiyo hufungwa kutoka chini kwa bolti mbili, na kati yake na injini huwekwa vibati vyembamba vya kuisogeza stata mbali na flaiwili, ambavyo mafundi huviita shimu. Ninashuku kwamba siku ile ya brashi shimu ilidondoka, ikafagiliwa pamoja na mchanga wa gereji.

Ondoa waya wa hasi wa betri, ulikalishe gari juu ya stendi (si jeki peke yake), kisha ufungue kifuniko cha chini cha flaiwili. Sukuma bendiksi kwa bisibisi hadi iingie kwenye meno, halafu pitisha waya wa klipu ya karatasi, wenye unene wa karibu milimita 1, kati ya ncha ya jino la bendiksi na bonde lililo baina ya meno mawili ya flaiwili. Waya ukipita kwa kukwaruza kidogo, nafasi inatosha. Ukikataa, ongeza shimu ya milimita 0.4 inayopitiwa na bolti zote mbili, upime tena, kisha uzungushe flaiwili na kurudia mahali pasipopungua 3, kwa kuwa flaiwili kuukuu haiwi duara kamili.

Bolti zenyewe uzitazame kwa makini. Za asili zina shingo yenye mistari iliyochongwa ili zikae katika tundu bila kuchezacheza. Bolti ya kuokota, hata uzi wake ukilingana, huiacha stata ikihama kila unapowasha. Kangua pia kutu mahali stata inapokalia injini, maana kwa upepo wetu huu wa chumvi, kutu hugeuka shimu ambayo hakuna aliyeiweka. Na ikiwa siku moja itabidi kununua stata, hesabu kwanza meno ya flaiwili: kuna ya 153 na ya 168, na pua za stata zake hazifanani.

SWALI: Mzee Fundi, Corolla yangu ya mwaka 1986, ya gia za mkono, mara nyingine husaga meno inapowashwa. Nami niweke shimu? (Msomaji, Likoni)

JIBU: La, hasha. Stata ya gari lako huingia katika tundu la nyumba ya giaboksi, na tundu hilo ndilo linaloipanga. Kaza bolti, kisha ukague bushi, ile pete ndogo inayoshikilia ncha ya shafti ya stata. Likisaga tena, zima swichi, tia gia ya nne, lisukume gari kidogo, rudisha gia huru na ujaribu upya. Likiwaka vizuri, meno ya flaiwili yamelika mahali pamoja, kwani injini ya silinda 4 hupenda kusimama mahali palepale pawili. Pete ya meno huweza kubadilishwa peke yake, ila giaboksi lazima ishuke.