Skrubu zinatoboa karatasi ya jipsamu: ninunue mashine gani?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana ninayefunga dari za jipsamu hapa Mwanza, huu mwaka wa tatu. Natumia drili ya kawaida ya betri. Skrubu nyingine inabaki juu, nyingine inazama mpaka inachana karatasi, na jioni kiwiko kinawaka moto. Nimeweka akiba ya kununua mashine moja ya maana. Muuzaji mmoja ananiambia nichukue impakti, ile drili inayogonga huku ikizungusha, kwa kuwa ina nguvu, mwingine anasema nichukue ya waya yenye wati nyingi. Wewe ungechukua ipi?

Jibu: Marahaba, fundi. Pole na kiwiko, nakijua hicho.

Kabla hujatoa hela, okota kipande cha bodi ya mm 9 kilichobaki kazini ukivunje kwa mikono. Ule unga mweupe wa ndani utakatika mara moja, lakini vipande viwili vitabaki vimening'inia kwenye karatasi. Hiyo karatasi ndiyo inayobeba dari yako. Kichwa cha skrubu ya jipsamu kimetengenezwa kwa umbo la tarumbeta ili kiikandamize karatasi, kiingie kidogo tu chini ya uso wa bodi, na karatasi ibaki nzima chini yake. Karatasi ikishachanika, skrubu imeshika unga, na unga haushiki kitu. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga dari ya sebule kwa drili kama yako. Nikaziba vichwa, nikapaka rangi, ikapendeza. Mvua za masika zilipokuja bodi ikanyonya unyevu, ikawa nzito, ikashuka katikati kama shuka iliyoanikwa. Tulipoifungua, skrubu zilibaki kwenye mbao na bodi ikatoka na matundu yake. Nilimlipa mwenye nyumba bodi zote.

Sasa tazama kwa nini mkono peke yake hauwezi kazi hii. Skrubu ya inchi moja yenye meno mapana, kila ikizunguka mara moja inaingia karibu mm 2.5 hadi 3. Drili ikiwa gia ya pili inazunguka kama mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Ukichelewa kuachia swichi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hiyo ni mizunguko miwili na nusu, zaidi ya mm 6. Hata tukikata nusu kwa sababu ya mzigo, bado ni mm 3, na karatasi yenyewe haifiki mm 1. Dari ya bodi 20, ukipiga kila sentimita 30 kwenye mbao zilizoachana sentimita 40, inakula skrubu kama 700. Hakuna kidole kinachoweza kupatia mara 700.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nunua pua, usinunue nguvu. Mashine halisi ya kufungia jipsamu ina pua mbele inayoizingira biti, ile ncha inayoingia kwenye kichwa cha skrubu, na nyuma ya pua kuna klachi. Ndani ya klachi kuna pande mbili zenye meno, zinazotenganishwa na springi. Mota inazunguka muda wote, lakini biti inakaa kimya mpaka uikandamize kwenye bodi. Ukisukuma, meno yanashikana na skrubu inaingia. Pua inapogusa bodi, msukumo wako unahamia kwenye pua, springi inayaachanisha meno, na biti inasimama papo hapo hata kama kidole chako bado kiko kwenye swichi. Utasikia mlio wa "trrk" mfupi. Huo mlio ndio unaoulipia.

Impakti iache kabisa kwa kazi hii. Ni mashine nzuri ya kufunga bati na boliti, kwa sababu ikikutana na ugumu inaanza kugonga. Lakini haina kitu kinachoiambia kuwa kichwa kimeshafika kwenye bodi. Itapitiliza karatasi, itakata vichwa vya skrubu, na kelele zake ndani ya chumba kitupu zinaumiza masikio.

Kuhusu wati, nikupe mfano wa Makita. FS2500, FS4000 na FS6300 zote ni za wati 570. Kinachotofautiana ni mwendo: ya kwanza mizunguko 2,500 kwa dakika, ya pili 4,000, ya tatu 6,000. Kwa hiyo anayekuuzia wati hajakuambia unachotakiwa kujua. Uliza mizunguko. Kwa mtu anayefunga leo kwenye mbao za mbili kwa mbili na kesho kwenye chaneli za bati jepesi, 4,000 ndiyo mahali pake. Ile ya 6,000 ni ya fundi mwenye mkono uliokomaa anayepiga kuta za fremu za bati kutwa nzima, na kwenye mbao ngumu inakusumbua. 2,500 ni ya skrubu zenye ncha ya kutoboa chuma kinene, kwa sababu ukiziharakisha ncha inaungua kabla haijatoboa.

Betri au waya? Wewe ni mtu wa dari, upo juu ya jukwaa umeinua mikono, na nyumba nyingi unaziingia umeme haujafika. Chukua ya betri, volti 18, yenye mota isiyotumia brashi za kaboni (brushless). Kama drili uliyonayo ni ya kampuni inayotengeneza pia mashine ya jipsamu, nunua mwili mtupu wa kampuni hiyo hiyo, maana betri na chaja ndizo zinazokula hela. Dukani usiishike tu na kuitazama. Iinue juu ya kichwa, ikiwa na betri, uhesabu mpaka sitini. Kama mkono unatetemeka pale dukani, saa nane mchana darini hali itakuwa mbaya zaidi. Zipo zinazoanza kuzunguka pale tu unapokandamiza biti. Hizo zinatunza chaji na hazipigi kelele bure.

Ya waya ni bei nafuu na haichoki. Kama kazi zako nyingi zina umeme, si kosa. Ila ukikuta mtumba wa bei ya kutupa, soma kibati chake kwanza. Zilizotoka Marekani ni za volti 120, na zilizotoka kwenye maeneo ya ujenzi Uingereza nyingi ni za 110. Ukichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma, utasikia harufu tu.

Ukiipata, usianze na bodi ya mteja. Funga kipande kwenye mbao, sogeza pua mbele ili biti isitokeze sana, piga skrubu tano, kisha zungusha pua hatua moja moja mpaka kichwa kizame kidogo bila kuchana. Pitisha skrepa juu yake. Ikigonga "ti", kichwa bado kiko juu. Ikipita kimya na karatasi ni nzima, hapo ndipo. Ukibadilisha mbao au unene wa bodi, pima tena. Kandamiza moja kwa moja, bila kuinamisha mashine, kwa sababu kichwa kikiingia upande ndicho kinachokata karatasi.

Biti iwe PH2, yaani ncha ya msalaba namba 2, na uzibebe kumi mfukoni. Biti iliyolika inaruka na kuchimba kichwa, watu wakalaumu mashine. Skrubu pia uzitenganishe: meno mapana kwa mbao, meno yaliyokaribiana kwa bati. Mashine zenye ukanda wa skrubu usizichukue sasa, maana ukanda ukikosekana dukani kazi imesimama.

Na kama akiba haijatimia, kuna biti ndogo yenye kola mbele, inauzwa bei ya soda chache, unaichomeka kwenye drili hiyo hiyo uliyonayo. Kola ikigusa bodi, biti inatoka kwenye kichwa. Haina kasi ya mashine halisi na inalika haraka, lakini kesho asubuhi itakuokolea karatasi.

Zile zilizokwisha chana usizizibe tu. Piga nyingine sentimita 5 pembeni kwenye mbao hiyo hiyo, ndipo uichomoe ile mbovu. Uanze na safu za katikati ya bodi, ndizo zinazobeba uzito.